Usiku wa kwanza baada ya upasuaji wa mgongo: bloku ya neva na kupunguza mofini

Habari za asubuhi wote. Nawasalimu madaktari wenzangu, manesi, watu wa fiziotherapia, wanafunzi, na nyie ndugu zangu mliokuja kwa sababu mmeshafanyiwa upasuaji wa mgongo au mna mtu nyumbani yuko kwenye foleni ya kufanyiwa, nyie ndo niliwafikiria zaidi wakati naandaa haya maneno. Mi kazi yangu ni nusukaputi na ganzi, na nimepewa nafasi niongelee jinsi ya kupunguza mofini na dawa za jamii yake baada ya upasuaji wa uti wa mgongo kwa kutumia bloku za neva, yaani sindano ya ganzi inayowekwa mahali neva, mishipa ya fahamu, zinapopita ili zisipeleke maumivu.

Nianze na jibu kabisa, ili hata mwenye kutoka mapema aondoke nalo. Bloku ikipigwa vizuri inampa mgonjwa siku ya kwanza yenye nafuu kubwa, kwa kawaida kati ya masaa 8 na 24 hivi, na ndani ya hayo masaa mahitaji yake ya mofini yanashuka. Lakini kama wodini dawa zinatolewa vilevile kama zamani, na karatasi ya dawa za kwenda nazo nyumbani ni ileile iliyoandikwa kwa kila mtu, basi tumeongeza sindano tu na mofini iko palepale. Hoja yangu ya leo iko hapo, mengine yote ni kuielezea.

Kwanza tuelewane kwa nini mgongo unauma hivi. Daktari wa upasuaji akitaka kufika kwenye pingili kutokea nyuma lazima aibandue misuli inayoshikilia uti, aisukume pembeni, aishikilie na vyuma vya kupanulia, saa nyingine kwa masaa, alafu ndo atoe mfupa unaobana neva, au diski iliyochomoza, au afunge skrubu na vyuma vya kuunganisha pingili. Kwa hiyo maumivu yanatoka kwenye ngozi, kwenye misuli iliyobanduliwa na kukandamizwa, kwenye mfupa wenyewe, kwenye kano na kwenye vile viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili. Misuli iliyoumia inakakamaa, mgonjwa akijaribu kujigeuza inamkaba mpaka pumzi inakatika, na ukimwangalia usoni unajua kabisa hapa hakuna kutembea leo. Kuunganisha pingili nyingi au kunyoosha uti uliopinda wa kijana ni kati ya operesheni zinazouma kuliko nyingi tunazozifanya thieta.

Na kuna jambo jingine watu wanalisahau, wagonjwa hawa mara nyingi hawaji wageni kwenye hizi dawa. Mtu ameumwa mgongo miezi, miaka, ameshapita kwenye tramadoli, ameshapita kwenye kodeini, mwili umezoea, kwa hiyo dozi ambayo ingemtuliza mwingine yeye inapita tu kama hakupewa kitu. Ukimwongezea unaongeza na madhara.

Mofini yenyewe siitukani na naomba hili lieleweke vizuri. Tangu mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner aitenge kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa miaka ya 1800, imewatuliza watu wengi mno kwenye maumivu ambayo vidonge vya kawaida havifiki. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika tani kama 298.5 za dawa za jamii hii zinazosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa uzito wa mofini, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu, yaani kuna mamilioni ya watu wanaumwa na hawapati hata tone, na hilo ni jambo la kusikitisha sana. Kwa hiyo mtu yeyote asichukue maneno yangu akaenda kumnyima mgonjwa anayelia. Ninachotaka ni mgonjwa asiwe na haja nayo sana, na akiwa na haja nayo apewe, bila kuzungushwa.

Sasa ubaya wake uko wapi? Mofini, fentanili, pethidini, oksikodoni, zote zinakaa kwenye vipokezi vya aina moja kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipokezi hivyohivyo viko kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, viko kwenye utumbo pia. Ndo maana dawa ileile inayoondoa maumivu inapunguza pumzi, na usiku, mtu amelala, mzee, au mnene, au anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, hapo hatari ipo kweli. Tena mgonjwa akiwa kwenye oksijeni ile klipu ya kidoleni inayopima oksijeni ya damu inaweza kuonyesha namba nzuri muda mrefu huku pumzi zake zinazidi kuwa chache, kwa hiyo nesi anayehesabu pumzi kwa macho yake anaokoa maisha kuliko mashine. Kutapika nako, hebu fikiria kutapika na mgongo uliotoka kupasuliwa. Choo kigumu, mtu anakamua siku ya tatu na kila akikamua mgongo unapiga. Kuwashwa. Kulewalewa.

Alafu kuna mambo mawili ambayo kwa mgongo ni mabaya kuliko kwa operesheni nyingine na nataka niyakazie. Moja ni mkojo kuziba. Mofini inaweza kuzuia mkojo, sawa, lakini baada ya upasuaji wa mgongo mkojo kuziba ni moja ya dalili za neva za chini ya uti kubanwa, mfano damu imejikusanya kwenye kidonda inazikandamiza, na hiyo ni dharura ya masaa. Sasa mgonjwa aliyejaa mofini hakojoi, na daktari wa zamu anabaki anajiuliza ni dawa au ni damu. Ya pili ni kwamba tunahitaji mgonjwa aamke, atuambie anahisi wapi, asukume mguu, avute kidole gumba cha mguu juu. Mgonjwa aliyelewa hawezi kukupa huo uchunguzi.

Kuna na kitu cha ajabu kidogo, dozi kubwa ya dawa hizi, hasa remifentanili inayopitishwa kwenye dripu wakati wa operesheni, inaweza kuufanya mwili uwe mwepesi zaidi wa kuhisi maumivu baadaye. Unampa nyingi mchana, jioni anaumwa zaidi, unaongeza, mzunguko unaanza.

Na baadaye je, mtu akishatoka hospitali? Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2017 kwenye jarida la JAMA Surgery uliangalia wagonjwa zaidi ya 36,000 ambao kabla ya operesheni walikuwa hawatumii dawa hizi kabisa, wakakuta kama asilimia 6 bado walikuwa wanazichukua kati ya miezi 3 na 6 baada ya upasuaji, wakati kwa watu waliolinganishwa nao ambao hawakupasuliwa ilikuwa asilimia 0.4. Na waliofanyiwa operesheni ndogo walikuwa karibu sawa na waliofanyiwa kubwa! Hapo ndo pa kusimama tufikiri, maana kama ingekuwa ni kidonda tu, operesheni kubwa zingewaacha watu wengi zaidi kwenye dawa. Kuna kitu kingine kinaendelea, kiko kwenye mtu mwenyewe na historia yake, kiko pia kwenye namna tunavyoandika dawa. Marekani hao hao mwaka 2021 walipoteza watu zaidi ya 100,000 kwa dawa kuzidi mwilini, wengi siku hizi ni kwa fentanili ya mtaani na sio ya hospitali, lakini mwanzo wa safari ile karatasi za madaktari zilichangia sana.

Haya, tuje kwenye neva zenyewe, hapa nitakaa kidogo maana ndo pazuri.

Kila pingili inatoa neva kulia na kushoto. Neva ikishatoka tu kwenye tundu lake inagawanyika matawi mawili makubwa. Tawi la mbele linaenda mbele ya mwili, na kwa kiunoni linaenda miguuni, ndo linakufanya utembee na uhisi nyayo. Tawi la nyuma linarudi mgongoni, linahudumia misuli ya mgongo, vile viungo vidogo vya pingili na ngozi ya hapo. Ukiangalia orodha ya vitu vinavyoumia kwenye upasuaji wa kutokea nyuma utaona karibu vyote viko kwa tawi la nyuma. Kwa hiyo ukiweza kulitia ganzi tawi la nyuma na kuliacha la mbele, mgonjwa anapata nafuu na miguu inabaki yake. Ni kama kufunga koki ya chumba kimoja badala ya kukata maji ya nyumba nzima.

Epidura, yaani ganzi inayowekwa kwenye nafasi inayozunguka utando wa uti wa mgongo, inakata maji ya nyumba nzima, inatia ganzi mizizi ya neva kabla haijagawanyika. Inafanya kazi, sibishi, na kwa operesheni kubwa sana wapo wanaoitumia kwa mafanikio, lakini miguu inaweza kulegea na daktari wa upasuaji asijue kama ni dawa au kuna shida, na tena nafasi yenyewe ya epidura mara nyingi imeshafunguliwa na operesheni. Mofini ya kuingiza kwenye maji ya uti nayo ipo, dozi ndogo tu inatuliza vizuri, ila inaweza kupunguza pumzi kwa kuchelewa, masaa mengi baadaye, kwa hiyo mgonjwa anahitaji kuangaliwa kwa karibu usiku mzima.

Zilizobadilisha mambo ni bloku za kati ya tabaka za misuli. Mwaka 2015 William Hand na wenzake walielezea bloku inaitwa TLIP, dawa inawekwa kati ya misuli miwili ya kiunoni, matifidasi na lonjisimasi, mahali matawi ya nyuma yanapopita. Mwaka 2016 Mauricio Forero na wenzake wakaelezea bloku ya erekta spine, yaani ya misuli inayosimamisha uti, wengi tunaiita ESP, na wao hawakuwa na habari ya upasuaji wa mgongo kabisa, walikuwa wanatafuta nafuu ya maumivu sugu ya neva kifuani. Baadaye watu wa mgongo wakaichukua, na ukifikiria ni jambo la kawaida tu, maana misuli inayotiwa sindano ndo hiyohiyo inayobanduliwa thieta.

Hiyo ESP inapigwaje? Mgonjwa akishalala usingizi wa nusukaputi na kugeuzwa kifudifudi, kabla ya kupakwa dawa za kuua vijidudu vya operesheni, unasafisha, unaweka probu ya ultrasaundi pembeni ya uti, unatafuta ule mfupa wa pembeni wa pingili, kwenye skrini unaonekana kama ukingo mweupe wenye kivuli cheusi chini yake. Juu yake ndo misuli. Unaingiza sindano taratibu huku unaiona ncha yake, mpaka iguse mfupa, alafu unasukuma maji kidogo ya chumvi, na kama uko mahali sahihi unaona misuli inanyanyuka kutoka kwenye mfupa na maji yanatambaa juu na chini kama utepe. Hapo unaweka dawa ya ganzi, bupivakaini au ropivakaini, mililita 20 hivi, unahamia upande wa pili unarudia. Dakika chache tu kwa mwenye mazoezi. Dawa inahitaji kama nusu saa ifanye kazi vizuri, na huo ndo muda daktari wa upasuaji anaosafisha na kufunika, hivyo mkikubaliana mapema hakuna anayemchelewesha mwenzake. Wengine wanapiga mwishoni baada ya kushona, faida yake inadumu zaidi usiku, ila mi napendelea kabla ya kisu maana hata fentanili ya wakati wa operesheni inapungua.

Ushahidi unasemaje? Tafiti nyingi zimefanyika za ESP kwenye upasuaji wa kiuno na zikikusanywa pamoja zinaonyesha mofini ya masaa 24 ya kwanza inapungua, maumivu ya masaa ya mwanzo yanapungua, na kichefuchefu nacho mara nyingi kinapungua. Lakini tafiti nyingi ni ndogo, na matokeo yanatofautiana sana kutoka sehemu moja hadi nyingine, baadhi ya wagonjwa wananufaika sana na wengine kidogo. Sababu mojawapo ni kwamba dawa kwenye tabaka la misuli inasambaa inavyotaka, hata kwenye maiti zilizochunguzwa imeonekana inaenda tofauti tofauti. Ukilinganisha bloku na mgonjwa asiyepewa ganzi yoyote, tofauti inaonekana vizuri. Ukilinganisha na daktari wa upasuaji mwenye bidii aliyejaza ganzi vizuri kwenye misuli ya kidonda kabla ya kufunga, tofauti inakuwa ndogo. Kwa mtu anayetolewa diski moja kwa tundu dogo na kurudi nyumbani kesho yake sioni haja kubwa ya bloku. Kwa anayeunganishwa pingili tatu, nne, naipigania.

Na kuhusu yale ya miezi mitatu, kwamba bloku inazuia mtu kubaki kwenye vidonge, ushahidi wa hilo haujasimama, naomba tusiwaahidi wagonjwa. Sindano ya masaa 18 haiwezi kubeba peke yake mzigo wa miezi mitatu.

Usalama sasa. Dawa ya ganzi ni sumu ikizidi kwenye damu, na kwenye mgongo tunapiga pande mbili, sehemu yenye misuli mingi na damu nyingi. Tupige hesabu pamoja. Mgonjwa wa kilo 60, bupivakaini tusizidishe miligramu 2 hadi 2.5 kwa kilo, yaani 120 hadi 150. Mi nimepiga mililita 20 za asilimia 0.25 kila upande, hiyo ni miligramu 100. Mwisho wa operesheni mwenzangu, kwa nia njema kabisa, anaomba mililita 20 za asilimia 0.5 ajaze kwenye kidonda. Hiyo nyingine miligramu 100. Tumefika 200 na hakuna aliyefanya kosa upande wake, shida ni kwamba hatukuongea. Kwa hiyo kabla ya kuanza, ile dakika ya kusimama wote na kusoma jina la mgonjwa, semeni na jumla ya ganzi, iandikwe ubaoni, mtu mmoja aishike hiyo hesabu.

Ikizidi, aliye macho anaweza kusikia mlio masikioni, ladha ya chuma mdomoni, ganzi kuzunguka midomo, kisha degedege, kisha moyo unayumba. Aliyelala hawezi kukuambia, wewe utaona moyo tu. Dawa yake ipo, ni mafuta ya dripu ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa kuanzia kisha unaendelea na dripu, na tunamshukuru Guy Weinberg ambaye mwaka 1998 alichapisha kazi ya panya iliyofungua njia hiyo. Mahali pasipo na hayo mafuta ndani ya thieta bloku kubwa zisipigwe. Hapo sina nafasi ya kubembeleza.

Jambo jingine la usalama, na hili manesi nawaomba mlishike kuliko yote niliyosema. Mgonjwa akiamka na mguu umelegea, au ganzi ya sehemu za siri, au mkojo hautoki, au maumivu yanapanda kwa kasi pamoja na bloku yote, msiseme ni bloku. Ni kweli mara chache dawa inaweza kuvuja mbele na kulegeza mguu kidogo, lakini hiyo ni hitimisho la mwisho, baada ya daktari wa upasuaji kuitwa, kumpima na kumpeleka MRI ikibidi. Damu iliyojikusanya haisubiri bloku iishe asubuhi. Ukimwita daktari saa nane usiku na ikawa ni bloku, umefanya kazi yako vizuri na mtu asikukemee.

Sasa hizi dawa nyingine zinazoshirikiana na bloku. Parasetamoli kwa saa, sio akilia, kwa saa, maana watu wengi wanaidharau na bado ni msingi. Za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia sana kama figo ziko sawa na hakuna hofu ya kutoka damu, kuna madaktari wa upasuaji wanaogopa zitachelewesha mifupa kuungana, hofu hiyo ina msingi zaidi kwenye dozi kubwa za muda mrefu, kwa siku chache kwa dozi ya kawaida wengi wanakubali, mkae mkubaliane. Ketamini, dawa ya usingizi inayotuliza pia maumivu, kidogo wakati wa operesheni kwa yule aliyezoea dawa kali, hapo inafanya kazi nzuri mno. Deksamethasoni dozi moja, kwa kichefuchefu na maumivu. Gabapentini na pregabalini, dawa za maumivu ya neva, mimi nazitumia kwa uchache, mamlaka ya dawa ya Marekani FDA ilitoa onyo Desemba 2019 kwamba zinaweza kupunguza pumzi hasa zikichanganywa na mofini au kwa wazee, na kwenye usiku wa kwanza ndo mchanganyiko tunaouogopa.

Tufike usiku wenyewe. Bloku inaisha. Hakuna mlango unaofungwa taratibu, kwa wengine inaisha ghafla saa tisa usiku na mtu aliyelala kwa amani anaamka anapiga kelele, na kama hakuna kitu ndani ya damu yake tunamkimbiza na mofini dozi mfululizo na akiba yote tuliyoiweka mchana inaisha ndani ya saa moja. Dawa yake ni rahisi, parasetamoli na wenzake vianze wakati bado bloku inafanya kazi, mgonjwa akiwa hana maumivu kabisa, na mgonjwa mwenyewe aambiwe mapema kwamba ganzi itaisha usiku, utahisi mgongo unaanza kuuma, ita nesi pale unapoanza na sio ukishashindwa. Mtu aliyeambiwa haogopi sana. Aliyeachwa bila kuambiwa anadhani kuna chuma kimetoka ndani, na hofu inaongeza maumivu, hili kila nesi wa wodi ya mifupa analijua.

Mofini iandikwe ya kutumia ikihitajika, dozi ndogo, na aulizwe kwanza. Nikiona imeandikwa kila baada ya masaa manne kwa mgonjwa aliyepigwa bloku, anaamshwa usingizini apewe sindano ya maumivu asiyokuwa nayo, hapo najua thieta na wodi hazijaongea. Na tusimuulize namba tu, moja mpaka kumi. Muulizeni anaweza kujigeuza? Anaweza kukohoa? Anaweza kusimama? Mtu anaweza kusema saba na akatembea hadi dirishani, mwingine akasema nne na hathubutu kusogea. Huyo wa nne ndo anahitaji msaada. Ile siku ya nafuu tuliyoinunua kwa bloku itumike kumsimamisha, watu wa fiziotherapia waje mapema, jioni ileile kama operesheni inaruhusu, maana akishasimama mara moja bila maumivu makali mwili unaamini.

Kwa wale wanaokuja tayari wanatumia dawa kali kila siku, tafadhali msiwakatie ghafla kwa sababu eti wamepigwa bloku. Bloku inaondoa maumivu ya kidonda, haiondoi uhitaji wa mwili uliozoea, mtu ataanza kutetemeka, kutoka jasho, kuharisha, roho kumwenda mbio, na atahesabika msumbufu wakati anaumwa. Dozi yake ya kila siku iendelee, bloku na ketamini vibebe ya ziada, kupunguza kuje wiki zinazofuata kwa mpango na mtu wa kumfuatilia. Wasemwe kwa heshima pia. Wengi wao dawa hizo waliandikiwa na sisi.

Kuondoka hospitali. Hapa ndo tunapoharibu kazi nzuri ya thieta. Angalia ametumia kiasi gani masaa 24 ya mwisho kabla ya kuondoka, hicho ndo kikuongoze. Kama hakumeza kidonge hata kimoja cha kodeini jana yake, kwa nini anaondoka na pakiti nzima? Vinavyobaki vinakaa kwenye droo, mtoto anavipata, ndugu mwenye jino linalouma anavipata, au yeye mwenyewe miezi miwili baadaye usingizi ukimkataa anavikumbuka. Apewe vya siku chache, aambiwe kwa maandishi siku ipi aache kipi, akianza na hivyo vikali huku parasetamoli inaendelea, na vitakavyobaki avirudishe famasi. Apewe na dawa ya choo, nalisema hili kila mahali na kila mahali linasahaulika. Nyie mnaosubiri kupasuliwa mnaweza kuuliza maswali haya wenyewe kabla ya siku ya operesheni: nitapigwa bloku au daktari atajaza ganzi kwenye kidonda, itaisha saa ngapi, nitameza nini kabla haijaisha, na vidonge vikali nitaacha lini. Daktari mzuri anafurahi akiulizwa.

Niliulizwa pale mlangoni kabla sijapanda, na swali lilikuwa zuri, hospitali isiyo na ultrasaundi wala mtu wa kupiga bloku ifanye nini. Ifanye haya yote mengine, ndo mengi. Na ganzi bado inawezekana, maana mgongo ukiwa wazi daktari wa upasuaji anaiona misuli na ule mfupa wa pembeni kwa macho yake, anaweza kuweka dawa mwenyewe kwenye tabaka lilelile kabla ya kufunga, pande zote mbili, taratibu, akivuta sindano nyuma kila mara kuhakikisha hayuko kwenye mshipa wa damu, kwa dozi ileile tuliyoihesabu, na mafuta ya asilimia 20 yakiwa kwenye troli.